Moto wa Gome Haupigi Kelele

Sisi tuliokulia Koboko wakati nyumba zilikuwa za nyasi, tuliogopa upepo wa kiangazi kuliko nyoka. Vijana wa leo upepo ukivuma wanafungua madirisha wapate ubaridi. Kwetu mama alizima jiko mara tu ugali wa muhogo ulipoiva.

Bibi yetu aliogopa zaidi magome. Paa zetu hazikujua misumari. Fito zilifungwa kwa kamba za gome la mti, lililolowekwa mtoni kisha likasokotwa. Bibi alitufundisha kwamba nyasi huwaka kwa kishindo zikaisha, lakini gome huliwa na moto ndani kwa ndani, polepole, hata huoni kitu.

Mchana mmoja cheche ilirukia paa la nyumba alimolala mdogo wetu Wani, mtoto wa kunyonya. Mama alimtoa mbio. Majirani wakaja na mitungi, na mchuuzi mmoja Mkongomani aliyekuwa akipita akapanda kung'oa nyasi zilizokuwa zikiungua. Moto ukazimika. Watu wakacheka, wakapeana mikono, na kwa kuwa jua lilikuwa kali mama akamrudisha mtoto ndani alale.

Bibi hakucheka. Alifudikiza kinu, akapanda juu, akaanza kupapasa kamba moja moja kwa kiganja. Juu ya mlango mkono wake uliruka. Nilikuwa karibu, nikasikia harufu chungu ya gome linaloungua.

Akamgeukia yule Mkongomani. "Moto ya gome hapana piga kelele," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza sokoni. "Toa mutoto kwanza. Maji nyuma."

Mkongomani aliingia, akatoka na Wani kifuani. Upepo ukavuma, kamba zikawaka, fito zikaachia, paa zima likaanguka juu ya mkeka aliokuwa amelalia mtoto. Mama alikaa vumbini akimshika Wani kichwa, mikono, miguu, kama anayemhesabu upya.

Sasa naishi Arua, karibu na Onduparaka, chini ya mabati. Upepo ukianza nazunguka nyumba nikinusa, na wanangu wananicheka. Wani mwenyewe, ambaye siku hizi anaendesha lori kutoka Oraba mpakani, ananiambia nimezeeka. Yeye hakumbuki kitu.

Mabati ni mazuri, sikatai. Lakini zamani tuliogopa wote, boma zima, na Bibi alikuwepo wa kutuambia lini tuache kuogopa. Alishafariki. Leo naogopa peke yangu.