Umeme Ulipokatika Kiwandani

Juzi nilikwenda kiwanda kimoja cha unga pale Katandala kununua pumba za nguruwe wangu. Mashine yao mpya inaendeshwa kwa kompyuta, na anayeiongoza ni mzee mmoja kutoka Mbeya, aliyechimba makaa ya mawe mpaka mgodi ukadorora na wafanyakazi wakapunguzwa. Siku hizi anavaa shati jeupe.

Nikiwa mle ndani, umeme ukakatika. Chumba hakina dirisha, kukawa giza totoro.

"Asisogee mtu!" mzee akapaza sauti. "Kila mmoja aitike alipo!"

Dada wa mzani akaitika. Wapakiaji wakaitika. Na mimi, sijui kwa nini, nikapiga kelele: "Mteja wa pumba!" Tukamsikia mzee akigonga ukuta kwa kiganja, akisikiliza kama hautaporomoka.

"Baba, ni umeme tu," dada wa mzani akamwambia taratibu. "Watarudisha sasa hivi."

 Mzee akashusha pumzi ndefu, akaanza kucheka, na sisi tukacheka naye.

Taa zilipowaka, mkono wake ulikuwa bado ukutani. "Mnisamehe," akasema. "Hapa umeme ukikatika, unga unachelewa. Kule mgodini tulichelewa sisi, na wake zetu wakisubiri getini."

Kompyuta zinakula kazi za watu, sibishi. Ila sijasikia bado iliyomfukia mtu.

Pumba zangu zilichelewa mpaka jioni. Sikulalamika.