Bastola Niliyoipokea Bila Kuifungua

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetutoa kwetu tukiwa na hofu akatupa makazi kwenye nchi ya baridi, na rehema zimshukie Mtume wake. Mwanangu, nimefika umri wa kutafuta miwani nikiwa nimeivaa, lakini jambo hili halijanitoka.

Nakumbuka siku moja, miaka kadhaa baada ya Mapinduzi kunitoa Unguja, nilikuwa Kilburn, mtaa wa huku ugenini, kwenye karakana ya fundi wa bunduki. Zama hizo sheria ilikuwa bado inawaruhusu wenye vibali kuwa na bastola za kulengea shabaha. Fundi Harnam alikuwa Sikh mzaliwa wa Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa chepesi kuliko Kiingereza chake. Mkewe, Mama Jasbir, alipika nyuma ya ukuta wa mbao, na kila Jumamosi alinipa dengu na chapati kwa kuwa alijua nyama yao siili.

Kazi yangu ilikuwa kupiga tupa na kusafisha vyuma. Kufunga mitutu nilikuwa natazama tu, na nilitamani sana kufundishwa.

Jumamosi walikuja wapenzi wa bastola, wakibishana kama sisi tunavyobishana mpira. Siku hiyo karani mmoja wa posta alileta bastola ya silinda ya aina mpya. Mtutu wake haukukazwa kwenye mwili wa bastola kama ya zamani. Ulikuwa bomba jembamba ndani ya ala ya chuma, ukishikwa na nati kwa mbele, hata mwenyewe angeweza kuubadilisha. Mwalimu mmoja mstaafu akasema kinachofunguka upesi hulegea upesi. Karani akamjibu kwamba hata yeye Mwalimu angefaa kutiwa nati. Wakacheka, na mimi nikasogea karibu, maana nilikuwa sijapata kuona chuma kilichopangwa hivyo.

Fundi aliifungua silinda, akaitazama, akaifunga. "Tupu," akasema. "Shika, Saidi. Leo mtutu utaufungua wewe."

Mwanangu, karakana ile ilikuwa na sharti moja. Kila anayepokea bastola aifungue na kuitazama mwenyewe, hata kama ameona mwenzake akiitazama. Kwa wateja nililishika. Kwa Fundi sikuweza. Mtu wa umri wa baba yangu ameshasema ni tupu, nami nikague mbele ya wageni wake? Niliona ni kama kumwambia anasema uongo.

Basi sikuifungua. Nilitaka kwanza kusikia ulaini wa kifyatulio ambao karani alikuwa akiusifu. Nikainyanyua kuelekea ukuta wa mbao.

"Umetazama?" Fundi akauliza, kama alivyouliza kila siku.

"Umeshatazama wewe, Fundi."

Akaja taratibu, akaweka kiganja chini ya mkono wangu, akaichukua na kuifungua tena mbele ya dirisha. Kwenye tundu la juu palikuwa na risasi moja.

Karani akakaa kwenye kreti. Alidhani amezitoa zote kwenye klabu yao ya shabaha. Macho ya Fundi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, naye alikuwa ametuficha. Nyuma ya ukuta Mama Jasbir akaita, "Saidi, pilipili nikutilie?"

Nilingoja matusi. Fundi aliiweka ile risasi mezani, akasema kwa sauti ya chini, "Kosa la kwanza ni langu. Lakini wewe umeniacha nikosee peke yangu."

Nilikwenda kuswali alasiri, na huko ndiko nilikokumbuka somo la chuo cha Kurani. Imamu akisahau, aliye nyuma yake husema Subhanallah, naye imamu hurejea. Sijapata kusikia mtu akisema huko ni kumvunjia imamu heshima. Nililijua hilo tangu utoto, na kila nilipotoka msikitini nilichukua viatu vyangu, hilo nikaliacha ndani.

Jumamosi iliyofuata Fundi alinipa bastola ile ile. Niliifungua mbele yake, uso ukiniwaka. Akatabasamu, akaniachia mtutu niufungue. Mwaka ule ule alikubali kupasuliwa macho.

Leo binti yangu huhesabu vidonge vyangu nikishamwambia nimemeza. Hunijibu kwa Kiingereza, lakini huhesabu, nami humshukuru Mungu.

Mwanangu, ukimpenda mkubwa wako, tazama kwa niaba yake. Akikupa kitu, kitazame na wewe, kwa upole na bila kumwaibisha. Na ukiwa mkubwa, mdogo akikukagua usinune, maana huenda nyuma ya ukuta kuna mtu anayekupikia.

Mungu akupe wewe unayesoma macho yanayoona, moyo unaokubali kurekebishwa, na mwenzako wa kukukumbusha unaposahau. Amin.