Kiburi cha Bibiana Kambini Mbulu

Bibiana wa Mkunya alikulia kwenye mteremko. Kila siku alishuka bondeni kuchota maji, akaupanda tena ukingo wa Newala na ndoo kichwani. Kwa wanawake wa huko, kutua ndoo njiani ni aibu. Anayetua huimbiwa kwa kejeli mpaka mlangoni kwake. Bibiana hakuwahi kuimbiwa.

Biashara ya nje ilipofunguliwa na mitumba ikajaa sokoni Masasi, alipata raba zake za kwanza. Akashinda mbio za mkoa, akaitwa kambi ya wakimbiaji Mbulu. Walikuwa wasichana watano, na watatu tu wangekwenda mashindano ya taifa.

"Wewe ni mtu wa juu," majirani walimwambia. "Huko utakuwa kama nyumbani."

Aliamini. Hakujua kwamba Mbulu ni juu zaidi ya mara mbili ya Newala.

Siku ya kwanza aliongoza. Jioni kichwa kikamgonga, chakula kikamshinda. Kesho yake alitapika kichakani, akafuta mdomo, akaendelea kukimbia, akawa wa mwisho.

"Mmakonde, miguu umeiacha wapi?" alimtania Isabela, mwenyeji wa huko.

"Inakuja," akajibu akihema.

Mwalimu Agatha, msimamizi wa kambi, alimsimamisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Hapana."

"Bibiana, hewa ya huku ni nyepesi, mwili unataka muda kuizoea. Anayesema, nampumzisha. Anayeficha, namrudisha kwao kabla hajaanguka. Nakuuliza tena."

Bibiana alijiona akiimbiwa njia nzima ya Mkunya. Machozi yakamtoka. "Kichwa kinapasuka, Mwalimu. Tangu jana."

Kiburi cha namna hii hufanana mno na ushujaa, na binti alifundishwa kiburi hicho na watu waliompenda. Hata hivyo ni kiburi, na kingemnyima alichokifuata.

Wiki nzima alitembea tu, wenzake wakimpita, Isabela akimpigia makofi ya utani. Alikunywa maji, akalala mapema. Wiki iliyofuata alikimbia polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza. Kisha akaanza kuongeza mwendo, kidogo kidogo, kwenye tambarare kwanza.

Siku ya mchujo aliwaacha watangulie. Kwenye mlima wa mwisho aliwapita wawili, pumzi ikambana, akapunguza mwendo mbele ya watu wote, halafu akaendelea. Aliingia wa tatu, nyuma ya Isabela.

"Mbona ulipunguza pale, na yule wa nyuma alikuwa ameshakukaribia?" Isabela aliuliza.

"Nilichoka," alisema Bibiana.