Mkono wa Alimasi

Alimasi hajawahi kula sikukuu ikiwa ya moto. Ni mkulima wa mpunga wa hapa Kasongo, na kama alivyokuwa baba yake, ndiye mchinjaji wa mtaa. Hauzi nyama, anaitwa tu. Anakuja na kisu chake kimefungwa kwa kitambaa, anachinja, ananawa, anapewa shingo la mnyama kama desturi inavyotaka, na kabla hajafika kwake kuna mtu mwingine amesimama mlangoni anamngoja. Akija kukaa, wali umepoa na mafuta yameganda kwenye sahani. Mkewe, mama Soraya, humwambia, "Nyumba nzima ni shingo tu. Mbuzi wa Kasongo hawana mapaja?"

Mgeni angedhani Mwislamu mwenye kisu ana kazi siku za Idi peke yake. Lakini huku hakuna ukoo wenye dini moja. Mwimba kwaya wa Katoliki ana shangazi anayefunga Ramadhani, na mwalimu wa madrasa ana mashemeji Waprotestanti. Mkristo akifanya feti, yaani sherehe, mbuzi achinjwe na Mwislamu, la sivyo nusu ya wageni watakula wali mtupu na kurudi na maneno. Kwa hiyo Bonane, siku ya mwaka mpya, wanamwita Alimasi. Paska wanamwita. Mwezi wa tano wanamwita Wakimbangu, ambao Noeli yao huangukia mwezi huo. Idi ya kuchinja usiulize. Katikati ya mwezi wa nane ni Kupalizwa kwa Maria, Maulidi nayo inaingia inapotaka, na Noeli ya watu wengine inamkuta bado anauguza kiuno.

"Sikukuu za Wakristo zimekaa," hunung'unika akinoa kisu. "Zetu zinatembea. Na popote zinapotembea zinanikuta miye."

Mwaka huu alifurahi kidogo. Ramadhani na Kwaresima zilianza pamoja, akasema moyoni: wote wanafunga, basi nitapumzika. Hakukumbuka siku ya kuamkia mfungo. Waislamu walivunja jungu, Wakatoliki wakaiaga nyama, na Alimasi akachinja tangu alfajiri mpaka mkono ukawa mzito kama wa mtu mwingine. Idi ilipofika aliswali, akachinja, akala baridi.

Kwa hiyo mkwe wake Dominique alipopiga simu kutoka Wamaza, kule Kabambare, maneno yake yaliingia kama asali.

"Baba, Paska kuja kwetu. Utachinja mbuzi moja tu, kisha utakaa kwa kiti. Hakuna mutu atakuita."

Dominique ni Mkatoliki, mkulima wa mihogo, mume wa Soraya. Ndoa ile haikuwa nyepesi. Aliyeipinga ni Nuru, dada mkubwa wa Alimasi, ambaye yeye humwita yaya, anayekaa Wamaza tangu zamani na ndiye aliyemlea Alimasi mama yao alipofariki. Nuru akila mahali, Waislamu wote wa ukoo wanakula. Akisimama, wote wanasimama. Alikubali ndoa kwa sababu ya neno moja la mdogo wake: "Yaya, katika nyumba ya Soraya hutawekewa nyama ambayo si ya mkono wangu." Tangu siku ile, kila feti ya pale, kabla hajagusa sahani, Nuru humuuliza, "Ni mkono wako?" Alimasi hujibu, "Ni mkono wangu." Ndipo watu hunawa.

Aliondoka Jumamosi kwa pikipiki ya Déo, kijana wa kubeba abiria. Mvua ilikuwa imeila barabara, wakalala katika kijiji kimoja njiani. Asubuhi ya Paska, kabla Déo hajawasha pikipiki, mzee mmoja wa pale alikitambua kile kitambaa cha kisu.

"Alimasi! Mungu mwenyewe amekuleta! Mbuzi iko hapa, wakwe Waislamu wako njiani, na mutu wa kuchinja hakuna!"

Angekataaje? Alichinja mmoja. Jirani akaona, akaleta wake. Jirani wa jirani akaja na kondoo.

"Mzee," Déo alisema, "safari nyingine nitakuvalisha mufuko kichwani."

"Funga kinywa, endesha."

Walifika Wamaza alasiri. Harufu ya nyama ilimpokea barabarani: mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa bila yeye. Alishuka, akapita nyuma ya nyumba mpaka jikoni. Sufuria kubwa ilikuwa ikichemka. Soraya alikuwa amepiga magoti akichochea kuni, hakuinua uso.

"Nani amechinja?" Alimasi aliuliza.

Dominique alikuja amevaa shati la misa, mikono nyuma kama mwanafunzi. "Baba, tulingoja. Misa ikaisha, tukangoja tena. Watu walikuwa na njaa, na simu yako haipatikane. Clovis mudogo wangu amechinja. Lakini vizuri, Baba! Tulimugeuza Kibla. Hata Bismillahi Clovis alisema."

"Clovis mwimba kwaya?"

"Alisema na sauti, Baba. Mara mbili."

Alimasi alitaka kucheka na kupiga kelele kwa wakati mmoja, akashindwa yote mawili. Watu hawa walikuwa wamefanya kila kitu isipokuwa kile kimoja walichoombwa.

"Na sisi ni watu wa Kitabu," Dominique aliongeza kwa upole. "Shehe mumoja aliniambia nyama ya watu wa Kitabu haina neno."

"Kamwambie yaya Nuru hiyo ya shehe. Miye sikumwahidi shehe."

Soraya alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moshi peke yake. "Baba, mwambie tu ni mkono wako. Neno moja. Akisimama leo, hatarudi tena hapa. Na wote watamufuata. Watoto wangu watakuwa na ukoo gani?"

Alimasi aligeuka kuelekea uani. Miaka yote hii amechoka kwa ajili ya kisu, na kumbe kisu ni chepesi. Kilicho kizito ni lile neno, na leo mtoto wake mwenyewe analiomba kama mtu anayeomba chumvi.

Uani Nuru alikuwa amekwisha kukaa kwenye mkeka na watu wake, sahani zimepangwa. Alimasi alionyeshwa kiti, kile kile alichoahidiwa, chenye mto wa kitambaa. Alikaa ukingoni. Soraya aliweka nyama mbele ya shangazi yake.

Nuru aliangalia sahani, kisha mdogo wake. "Ni mkono wako?"

Alimasi alimwona Soraya amesimama mlangoni, ameshika fremu.

"Si mkono wangu, yaya. Nilichelewa. Amechinja Clovis."

Clovis, kule upande wa Wakristo, alijifanya anatafuta kiatu. Soraya aliingia ndani. Nuru alisukuma sahani polepole, na Alimasi akangoja aone anavyojiinua, akihesabu kwamba yote yamekwisha: ndoa, ukoo, kiti.

Nuru hakusimama. "Mbuzi alilia asubuhi," alisema. "Nyumba yangu iko pale, masikio ninayo. Weye umeshuka kwa pikipiki sasa hivi, na matope mpaka magoti. Unafikiri ninauliza juu ya mbuzi?"

Damu ilimpanda Alimasi kichwani. "Basi kama ulijua, yaya, kwa nini umeniuliza mbele ya watu wote?"

"Ili nijue kama Noeli nitakuja kula hapa. Nitakuja." Akageuka mlangoni. "Soraya! Acha kulia, mama. Kuku huna?"

Kuku alikuwepo: jogoo mmoja, mkali, asiyetaka Paska. Dominique alimkimbiza na shati lake la misa, Clovis akaanguka kwenye matope, na Wakristo walicheka huku wakila mbuzi wao. Alimasi aliinuka kwenye kiti, akafungua kitambaa, akachinja. Kisha akangoja pamoja na wengine, na njaa, na hasira ambayo haikupata wa kumwangukia.

Jogoo mmoja kwa mkeka mzima! Kila mtu alipata kipande cha kidole. Alimasi, bila kuuliza, aliwekewa shingo, likitoa moshi, limetoka kwenye sufuria wakati ule ule. Alikuwa hajalitia kinywani jirani alipokohoa kwenye ua.

"Hodi. Nasikia mchinjaji amefika? Kesho ni Jumatatu ya Paska, na miye nina mbuzi..."

Alimasi alilitia shingo kinywani haraka, likamuunguza ulimi.