Mama wa Mferejini

Enzi zetu pale Makongeni, nyumba za watu wa reli zilibanana kiasi kwamba ukikaanga omena, mtaa mzima unajua mtakula nini. Sisi watoto tulizurura kwa kila mtu. Kwa akina Wambui nilijifunza Kikuyu nikimenya viazi vya irio, kwa akina Akinyi nikaokota Kijaluo, na uwanjani, tukiruka kamba ya blada au kucheza mpira wa kati, ilikuwa Sheng mpaka koo zikauke. Vijana wa leo, ambao kumwamkia shangazi kwa Kiswahili tu ni kazi, wangetushangaa. Hatukuwahi kujiuliza ubongo unazipanga vipi lugha zote hizo. Zilikaa tu.

Lugha moja haikukaa: ya mama yangu, Kimaragoli.

Kosa lilianzia darasa la kwanza. Mwalimu wetu aliwaita wazazi akawaambia, "Kichwa cha mtoto ni kidogo. Mkikijaza lugha ya nyumbani, Kiingereza kitakaa wapi?" Baba, fundi wa reli, akalichukua neno hilo kama sheria. Wazazi wengi walifanya vivyo hivyo. Walitutakia mema na siwalaumu. Tangu siku hiyo mama akatusemesha Kiswahili tu, nacho alikuwa nacho kidogo, cha sokoni, na Kimaragoli chetu cha utotoni kikatutoka. "Kujeni mkule." "Nawa miguu." "Lala sasa." Tukadhani mama yetu ni mtu wa maneno machache. Nilimwogopa, na nilipokuwa na jambo la moyoni nilimpelekea Mama Wambui.

Lakini asubuhi pale mferejini, tulikochota maji mtaa mzima, akiwa na wanawake wa kwao na madebe yao kwenye foleni, alikuwa mtu mwingine kabisa. Alisimulia huku akiiga sauti na mwendo wa watu, wenzake wakishika mbavu. Siku moja mmoja wao alicheka hadi akaketi kwenye tope. Nilisogea nisikie. Mama aliponiona tu, alikatiza hadithi yake akasema, "Enda shule." Jinsi nilivyowaonea wivu wale wanawake, hata sijui niseme vipi.

Siku hizi wataalamu wanatuambia redioni kwamba kichwa hakijai lugha, kwamba mtoto anayezungumza mbili tatu huupa ubongo wake mazoezi. Mara ya kwanza kuyasikia nilikuwa naosha vyombo, nikaviacha kwenye beseni nikakaa chini. Mbona sisi tulikuwa ushahidi tosha pale uwanjani, na hakuna mtu mzima aliyetutazama?

Tulipomzika mama kijijini, wazee wenzake walikaa nyuma ya jiko wakaanza kukumbushana vituko vyake. Walicheka huku wanalia. Nilimvuta binamu yangu anitafsirie. Alijaribu, akakwama, akanitazama kwa huruma. "Dada, hii ukiitoa kwa Kiswahili haichekeshi."

Wanangu wanaongea Kiingereza kitupu, kizuri kuliko cha mwalimu yule. Ukiwauliza kuhusu nyanya yao, wanasema alikuwa mkimya. Sisi angalau tulimwona akichekesha watu. Nawaambia si kweli, mama yangu hakuwa mkimya, basi wananiomba niwasimulie hata hadithi yake moja tu. Sina.