Vistari Nilivyovifuta

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya nikiwa na miaka kumi na moja: nilifuta kazi ya mtu mzima nikidhani namsaidia. Hadi leo harufu ya kifutio kipya, ambacho pale Goma sote tulikiita gomu, hunifanya nitazame mikono yangu. Mtu mwenyewe alikuwa Muzee Kambale, jirani yetu, mwalimu wa Kilatini aliyetoka Butembo na masanduku ya vitabu. Alikuwa akichunguza jinsi washairi wa kale wa Ugiriki na Roma walivyopima mistari yao, na kila alasiri baada ya shule aliniruhusu kufanyia mazoezi yangu kwenye meza yake barazani, kwa kuwa kwetu kulikuwa na kelele. Meza ile iliegemea ukuta wa mawe meusi ya volkano, na vumbi lake lilitua juu ya kila kitu.

Nilikuwa mtoto wa kuogopa doa. Niliweza kurarua ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja iliyopinda, na dada yangu aliniita Dokta Gomu, kwa sauti iliyovuka ua. Siku moja, Jumanne, Muzee aliitwa parokiani akaacha daftari lake wazi. Niliona mashairi yaliyonakiliwa kwa wino, mwandiko mzuri ajabu, lakini juu ya herufi nyingi kulikuwa na vistari vidogo vya penseli. Nikadhani ni mikwaruzo. Nilivifuta polepole, kurasa kumi na moja, nikipuliza mabaki ya gomu, nikiwa na furaha ambayo sasa naionea aibu.

Aliporudi nilimwonyesha. "Nimekusafishia, Papa," nikasema, kama tulivyowaita wazee wote wa mtaa.

"Umesafisha nini?"

"Buchafu ya juu ya herufi."

Alikaa. Akavua miwani, akaivaa tena. "Ile buchafu, mutoto yangu, njo kazi yenyewe." Vistari vile ndivyo vilivyokuwa uchunguzi wake.

Daftari lilikuwa liende Bukavu kwa meli ya Jumamosi, kwa mwenzake aliyelingoja ili wachapishe uchunguzi wao. Nilianza kulia. Hakunigombeza. Aliniuliza mama yangu, ambaye kwao ni Masisi, husemaje kwa Kinyarwanda kupiga kelele. "Gutaka," nikasema. Na kupamba? Nikasema gutaka tena, safari hii nikiivuta ile a ya kwanza, nikashangaa: herufi ni zilezile.

"Na ukikosea kuvuta?"

"Mama anacheka."

"Basi! Wale wazee wa Roma walikuwa na sikio kama ya mama yako. Hawakuhesabu silabi tu, walisikia ipi inakawia. Kila kistari kilikuwa kinasema: hapa, kawia. Leta kreyo."

Nikaleta penseli. Kwa alasiri nne alisoma kwa sauti, nami nikarudisha vistari. Silabi ndefu aliipiga mezani kwa kiganja, fupi kwa ncha ya kidole, na mashairi ya watu waliokufa zamani mno yakaanza kutembea kwenye mbao zile. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilisikia. Sijawahi tena kuona mtu akijua kitu namna ile, hadi mikononi, bila kujivuna. Ijumaa, kwenye ukurasa wa mwisho, kiganja kilibaki hewani. Kulikuwa na neno ambalo mshairi alilivuta kinyume cha kawaida, na Muzee alikuwa ametumia miezi kuamua ni silabi ipi.

"Ya kwanza ao ya pili?" alijiuliza. Sababu zake hakuzikumbuka. Nilingoja abahatishe, maana nani angejua? Pembeni mwa mstari aliandika: sijui tena. Daftari likapanda meli hivyo, na jina lake juu.

Baadaye nilijifunza Kilatini peke yangu, kwa kitabu cha sarufi alichoniachia, kwa ajili ya mstari ule mmoja, na bado haujanifungukia. Muzee amerudi Butembo. Nikimpigia simu hanisalimu kwanza, husema, "Dokta Gomu, ya kwanza ao ya pili?" Nami hujibu kwamba sijui, jibu ambalo zamani lingeninyima usingizi. Wasiwasi haujaniacha; ukurasa huu nimeuandika mara sita. Ila wakati ule nilifuta nisichokielewa. Siku hizi nauliza kwanza.