Chumba cha Bisimwa

Unaniuliza uondoke au ubaki, mwanangu. Kuna siku moja ya mvua ambayo hainitoki kichwani, hata nikitaka. Mvua ilikuwa imeipiga Kadutu, mtaa wetu huu wa mlimani Bukavu, tangu alfajiri, maji yanashuka kwenye vijia vya mlima na kubeba kila kisichofungwa. Saa ya chai ukuta wa nyuma wa chumba cha maman ukaanguka. Haukupiga kishindo. Ulilainika tu kama bugali uliozidiwa maji, ukakaa chini. Maman alitoka na godoro lake kichwani, akalisimamisha ukutani lichuruzike, akatandika mkeka karibu na mbabula ya makaa, akaketi pale anaota moto na kukohoa.

Upande wa juu wa kiwanja hicho hicho kulikuwa na chumba kikavu. Msingi wa mawe, sakafu ya simenti, manjanja mapya ya bati juu, kitanda cha mbao kilichopakwa rangi ikang'aa. Hakuna aliyelala mule. Kilikuwa kimefungwa kwa kadenasi, na ufunguo wake maman alikuwa ameufunga kwenye ncha ya kitenge chake.

Kilikuwa chumba cha Bisimwa, kaka yangu mkubwa. Aliondoka hapa kijana, akafika Afrika ya Kusini, akawa analinda magari ya watu mbele ya maduka. Ukiondoka hivyo, wakati ule kama sasa, kitu cha kwanza unachotuma nyumbani ni habari ya chumba. Mjenge chumba changu. Mkiweke tayari. Mtu asiingie mpaka nirudi. Basi tulijenga. Kitanda nilikitengeneza mimi, mlango nikauranda mimi, na sioni haya kukuambia kwamba mlango mzuri kama ule haukuwako mtaa wote. Mimi shuleni nilitoka mapema, mtu wa kunilipia karo sikumpata, lakini ubao nikiushika unanisikia.

Kila Jumapili maman akitoka misa alikuwa anafungua kadenasi, anapanguza vumbi, anafungua dirisha, anasimama kidogo katikati ya chumba. Kitandani hakuketi hata mara moja. Godoro lilikuwa bado ndani ya plastiki yake ya dukani. Kisha anafunga, anatikisa kadenasi kuhakikisha, anarudi jikoni.

Sasa tuhesabu walioko upande wa chini. Maman. Mimi. Dada yangu Nabintu, mjane, aliyetukimbilia kutoka kijiji cha Miti na watoto wake wakati barabara ile ilipoharibika kwa watu wenye bunduki. Usiku watoto walipangwa sakafuni kama sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye sinia. Na baada ya ule ukuta kuanguka, hata nafasi ya kupita haikubaki.

Nikamwambia maman apande juu akalale kule. Alinitazama kama nimemtukana.

"Bisimwa akirudi atakuta nini?" akaniuliza. "Atakuta kitanda yake imekwisha kulaliwa?"

Nikaona dawa yake iko kwa mwenye chumba. Nikampigia Bisimwa simu. Nilimweleza ukuta, nikamweleza kikohozi, nikamwomba aseme neno moja tu, kwamba maman alale mule. Bwana huyo akaanza kucheka.

"Mudogo, weye iko fundi wa mbao ao iko munganga?" akasema. "Miye nakuya Noeli. Mwambie maman avumilie. Nikute chumba yangu vile niliiacha."

Vile alivyokiacha. Hakuwa amekiona hata siku moja.

Na mimi, mwanangu, sikugombana naye, kwa sababu nilikuwa nahitaji mkono wake. Ilikuwa imekwisha kupangwa kati yetu: mvua zikikatika, ninamfuata. Fundi kule anaheshimiwa, alikuwa anasema. Nilikuwa nimeaga nusu ya marafiki. Tena nilikuwa nimechagua mbao, zile nzito nyekundu za msituni, nikazificha juu ya dari ya karakana zikauke pole pole. Zilikuwa za mlango wa chumba changu mimi, kitakachojengwa kando ya cha Bisimwa nikishafika.

Katika watu wa kuaga alikuwako Papa Salum. Alikuwa anauza vitenge kule sokoni, muzee wa Kiislamu, babu yake ndiye aliyetoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika akafika hapa kwa biashara. Meza yake nilimtengenezea mimi, ndiyo tukazoeana. Nilimkuta anakunja vitambaa. Nikamwambia naondoka, nimekuja anipe dua.

Hakuacha kukunja. Akaniuliza chumba changu kitakuwa upande gani wa kiwanja.

Mimi mjinga nikafurahi. Nikamweleza: kando ya kile cha Bisimwa, dirisha linatazama ziwa, mlango nitauranda mwenyewe kabla sijaondoka, mbao zake zinakauka tayari.

"Na mama yako analala wapi?" akasema.

Habari ya ukuta alikuwa ameisikia. Kadutu habari haihitaji barua.

Akanivutia kiti. Akanieleza habari za babu yake, na alikuwa anazieleza bila kupamba, kama mtu anayetaja bei. Babu huyo alifika hapa na masanduku yake ya mbao, akasema nakaa kidogo, nauza, narudi. Akaoa mwanamke wa hapa. Akazaa. Masanduku hayakufunguliwa, maana mtu wa kurudi hafungui mizigo. Paa likivuja, halitengenezi: ya nini, mwezi ujao sipo. Mti hapandi. Jirani akifiwa, anakwenda kuchungulia na kurudi, maana hawa si watu wake, watu wake wako kule. Na kule nako walikuwa wamekwisha kumsahau jina. Mkewe alizeeka ndani ya nyumba ya mtu anayeondoka kesho. Siku alipokufa wakafungua masanduku. Walikuta kanzu za kijana, zimeliwa na wadudu, hata moja isingemwingia yule muzee waliyekuwa wanamwosha.

"Babu yangu alifunga masanduku," Papa Salum akasema, "ndugu yako amefunga chumba. Ugonjwa ni mmoja. Na wewe, kijana, mama yako anakohoa sakafuni, nawe unakausha mbao za mlango wa kufungia hewa. Dua sikupi leo. Nenda kwanza kamwambie mama yako ukweli, kwamba Bisimwa anaishi kule."

Nilitoka pale na hasira. Nilikuwa najua kitu ambacho muzee hakukijua: Bisimwa alikuwa na mwanamke kule, na mtoto. Aliniambia mimi, akanikataza kumwambia maman. Nikapanda ule mlima naongea peke yangu. Kufika nyumbani, maman alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo yamejaa mapajani, pumzi inamwishia kila mara. Nikaketi chini mbele yake. Nikamwambia maman, Bisimwa hatarudi kukaa. Ana nyumba kule. Ana mtoto.

Hakuacha kuchambua.

"Najua," akasema. "Ile siku alipiga simu, nilisikia mutoto nyuma yake anaita papa. Ulifikiri masikio yangu iko ya kupamba kichwa?"

Nikamwuliza, sasa kama anajua, kwa nini anatulaza hivi. Akayakusanya majani mapajani.

"Nikifungua ile chumba, nyinyi wote mutaacha kumungoja," akasema. "Nitabaki namungoja miye peke yangu."

Mwanangu, mimi si mtu wa kulia. Niliinuka nikaenda kuutazama mlango wangu. Uzuri wake wote ulinichukiza. Niliporudi, maman alikuwa amefungua ncha ya kitenge. Akanipa ufunguo bila kunitazama, akasema nifungue mimi, mkono wake hauwezi.

Tulihamisha vitu jioni ile ile. Nabintu alitaka kutoa plastiki kwenye godoro, maman akakataa. Alilala juu ya plastiki, pembeni kabisa ya kitanda, na ile nafasi kubwa iliyobaki akaiacha hivyo hivyo siku za kwanza, mpaka wajukuu walipoivamia. Ukipita nje ulikuwa unasikia ile plastiki inalia kila akikohoa. Tulikuwa tumechelewa. Alikufa kiangazi kilipoanza, na chumba kilikuwa kikavu, hilo najikumbusha, angalau kilikuwa kikavu.

Zile mbao zangu nyekundu nilizishusha kutoka darini. Zilikuwa zimekauka vizuri. Zilitosha sanduku la maman, na sikuhitaji kununua nyingine.

Bisimwa hakuja kwenye kilio. Karatasi zake za kule hazikuwa sawa. Akitoka, hawatamruhusu kuingia tena. Alipiga simu watu wakiwa wamekaa nje. Aliniuliza kitu kimoja.

"Alikufia mu chumba gani?"

"Mu yako," nikamjibu.

Nikasikia pumzi yake, kisha simu ikakatika. Si mtandao ulioikata.

Alikuja miaka mingi baadaye, mara moja. Watoto wa Nabintu walikuwa wamekuwa watu wazima, na mmoja alikuwa analala mule na mkewe. Bisimwa alipanda hadi kwenye ule mlango, akasimama, halafu akabisha hodi. Sauti ya mwanamke asiyemjua ikamjibu kutoka ndani, ikamwuliza ni nani. Sikumwona akifanya uso wa hasira. Alisema jina lake kwa sauti ndogo, kama mtu aliyepotea njia. Alilala kwa rafiki yake kule mtaa wa Bagira, na akaondoka mapema kuliko alivyokuwa amepanga.

Mimi nilibaki. Usifikiri nakuletea kubaki kwangu kama medali. Karakana yangu imevunjwa, mbao zangu zimechukuliwa na watu ambao huwezi kuwadai. Nimepigilia misumari masanduku mengi ya vijana wa umri wako. Siku hizi kuna asubuhi naamka, nasikia milio ya bunduki, na kitu cha kwanza kinachonijia ni kwamba Bisimwa alifanya vizuri. Halafu naosha uso. Nashika randa.

Kwa hiyo anayekuambia ondoka, au anayekuambia baki, mimi simgombezi. Sijui kesho ya Bukavu, na anayesema anaijua anakuuzia kitu. Ninachokuambia ni hiki. Ukienda, nenda kweli. Mwambie mama yako kwa mdomo wako mwenyewe kwamba unakwenda kuishi, usimwachie neno la Noeli. Ukipata mtoto kule, mtoto huyo mama yako amjue jina. Usifunge chumba hapa. Ukijenga, wajengee waliopo, na ufunguo uwe mikononi mwao. Kule unakolala, jua jirani yako anaitwaje, na paa lako likivuja lipandie ulizibe.

Na ukibaki, baki kweli, maana ninawaona wengi wenu hapa hapa Kadutu ambao hamjavuka hata mpaka, na mmekwisha kuondoka. Begi limefungwa chini ya kitanda. Ukuta una ufa, unasema ya nini. Msichana anakungoja, unasema nitaona nikifika kule. Miaka inapita, na kule hujafika, na hapa hukukaa. Huyo ndiye ninayemsikitikia kuliko Bisimwa.

Ule mlango bado upo. Kadenasi niliitoa siku ya kilio, sikuirudisha. Pita ukausukume, utaona unavyofunguka bila kelele.

Mungu wa maman yangu akuchunge barabarani au mlangoni, popote utakapochagua. Akupe mahali pa kulala pakavu, na watu ndani yake wanaokujua bila kuuliza wewe ni nani. Na siku akikuita kwake, ukutwe umelala katikati ya kitanda chako, si pembeni.